Kwa Mwendo wa Aliye Nyuma



Jumamosi asubuhi hapa Morogoro, kabla jua halijawa kali, barabara inayopanda kutoka mjini kuelekea Morningside hujaa watu wenye fulana za ofisi. Mgongoni wameandikwa majina ya taasisi zao: chuo, benki, halmashauri, hospitali, kiwanda. Mbele huwa yupo kijana mwenye filimbi, ndiye anayeanzisha nyimbo za mchakamchaka, na walio karibu naye humwitikia kwa sauti kubwa. Katikati wapo wanaotembea wakipiga soga. Na nyuma kabisa, mbali na wimbo, hukosi kumwona mtu anayepanda peke yake. Mara nyingi ni mama wa makamo, kanga amejifunga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, chupa ya maji mkononi. Husimama kila baada ya kitambo, akavuta pumzi, akaangalia wenzake walikofika.

Wakati huohuo, kutoka juu, wanashuka akina mama wa Kiluguru na mizigo kichwani: mikungu ya ndizi, magimbi, mboga za majani. Wameondoka vijijini kwao kungali giza ili wawahi soko. Mlima ambao kwa wanaopanda ni mazoezi, kwa wanaoshuka ni ada ya shule, mafuta ya taa na sabuni. Makundi hayo mawili hupishana, husalimiana kwa adabu, kila moja likashika njia yake.

Ningependa wiki hii tukae kidogo na huyu mama wa nyuma. Anawaza nini pale aliposimama? Huenda anajuta kuja. Huenda anasikia aibu. Huenda pia, na hili nalitumaini, anajua kwamba yupo mtu mbele yake ambaye atamngoja.

Mazoezi ya kazini si jambo geni tena nchini kwetu. Mwaka 2014 Serikali ilitoa waraka na mwongozo kwa utumishi wa umma juu ya kudhibiti virusi vya UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukiza mahali pa kazi. Ndiyo maana watumishi wamezoea kusikia herufi tatu, MSY, kwenye vikao vyao. Kisha Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuelekeza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya wananchi kufanya mazoezi. Tangu hapo maafisa utumishi wengi wamejaribu, kila mmoja kwa namna yake: mbio za pole, bonanza, netiboli ya jioni, mwalimu wa viungo anayeletwa ofisini baada ya saa za kazi.

Sababu ya yote hayo ilikwisha kuonekana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya watu wazima 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 26 wana shinikizo la juu la damu, na 9 sukari yao imepanda. Wengi walikuwa hawajui. Mimi kama mchungaji hesabu hiyo naijua kwa sura za watu. Naijua kwa baba aliyekuwa mhasibu hodari, leo amelala, upande mmoja wa mwili hausikii, na mkewe anamlisha uji kwa kijiko huku akimfuta mdomo kwa ncha ya kanga. Naijua kwa mwalimu aliyekatwa mguu kwa sababu ya kidonda kilichoanza kama mchubuko wa kiatu. Ukikaa kwenye vyumba kama hivyo, huwezi tena kusema kwamba habari za mwili ni za madaktari peke yao.

Tumezoea kudhani kwamba mtu anayetoka jasho shambani ndiye anayechoka na anayekaa kitini ndiye anayepumzika. Sivyo mwili unavyoona. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet habari za wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye usukani tangu asubuhi hadi jioni. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa nzima akikata tiketi. Walikuwa waajiriwa wa shirika moja, wakipita mitaa ileile. Lakini madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya makondakta, na ulipowapata uliwaua zaidi. Tangu hapo wataalamu wengi wamelifuatilia jambo hilo, na jibu limeendelea kuwa lilelile: kukaa mno kunadhuru. Nikiwafikiria madereva wa mabasi wa kituo cha Msamvu hapa mjini, mafundi cherehani, makarani wa masijala, wahadhiri na sisi wachungaji tunaoandaa mahubiri mezani hadi usiku wa manane, naona kwamba wengi wetu tumekuwa madereva wa London bila kujua.

Na dawa yenyewe haina gharama kubwa. Msuli unapofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu, hata pale insulini inapokuwa imezidiwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Ukizigawa zile 150 kwa siku tano ni nusu saa kwa siku. Zamani walisema kila kipande kisipungue dakika 10. Sasa sharti hilo wameliondoa, kila hatua inahesabiwa. Na mwendo wa wastani utaujua hivi: unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukiona unaimba tenzi mstari kwa mstari bila kukatika pumzi, ongeza hatua. Ukiona hata kuzungumza huwezi, punguza.

Naomba uone, mpendwa, jinsi kipimo hicho kilivyo cha kindugu. Ili ujue kama unatembea vizuri inakubidi uwe na mtu wa kuzungumza naye.

Asubuhi moja nilikuwa napanda nyuma ya kikundi cha ofisi fulani. Bwana mmoja, mrefu, mwenye raba nyeupe, alikuwa na uwezo wa kuwaacha wote. Kila baada ya mwendo kidogo nilimwona akiinama kufunga kamba za viatu. Mara ya kwanza sikutia maanani. Baadaye nikaangalia viatu vyenyewe: kamba zilikuwa zimefungwa mafundo mawili, imara, hazijalegea hata kidogo. Alikuwa anazigusa tu kwa vidole, ameinamisha kichwa, mpaka mwenzake aliyekuwa akihema nyuma amfikie. Kisha aliinuka na kusema, “Haya twende,” kana kwamba yeye ndiye aliyemchelewesha mwenzake.

Sijui jina lake wala dhehebu lake, lakini nilifundishwa kitu mahali pale ambacho nimekuwa nikikiandalia mahubiri tangu siku hiyo. Alimpa mwenziwe muda, na juu ya muda akampa heshima. Wako watu wengi wanaoweza kukungoja. Wachache wanaweza kukungoja bila wewe kujua kwamba umengojwa.

Kuna mtu katika Maandiko aliyetembea hivyo. Fungua Mwanzo sura ya 32 na ya 33, usome polepole. Yakobo anarudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kukimbia hasira ya ndugu yake. Amesikia ndugu huyo, Esau, anakuja na watu 400. Usiku wa kuamkia siku ya kukutana naye ameshindana mweleka kando ya kijito cha Yaboki, na asubuhi anachechemea. Wanakutana. Badala ya upanga panakuwa na kukumbatiana na machozi. Kisha Esau, mtu wa porini, mwenye miguu mizoefu, anamwambia ndugu yake waondoke pamoja, yeye atangulie. Yakobo anamjibu kwa upole kwamba watoto wake bado ni wachanga, na mifugo ina ndama na wana-kondoo wanaonyonya. Wakiswagwa kwa nguvu siku moja tu, watakufa. Wewe tangulia, bwana wangu, anamwambia. Mimi nitakuja taratibu, kwa mwendo wa mifugo iliyo mbele yangu na kwa mwendo wa watoto.

Wafafanuzi wengine huona kwamba Yakobo alikuwa bado na hofu, maana hakumfuata Esau hadi Seiri kama alivyosema, bali alikwenda Sukothi. Huenda wana haki. Msamaha wa jana haumalizi woga wote wa miaka 20, na Biblia haifichi hilo. Lakini hata kama hofu ilikuwemo, alichokisema kilikuwa kweli. Watoto walikuwa wachanga. Na aliyesema hayo alikuwa mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akitaka kutangulia: alizaliwa ameshika kisigino cha mwenzake, akanunua haki ya mzaliwa wa kwanza, akawahi baraka ya babaye. Sasa, mguu ukiwa unauma, anakubali kwenda kwa mwendo wa mtoto.

Je, umewahi kujiuliza ni nani anayeweka mwendo nyumbani kwako? Ofisini kwako? Katika kwaya yako, katika jumuiya yako? Ni yule mwenye nguvu kuliko wote, au ni yule mwenye kuhitaji kungojwa?

Mwezi Septemba 2024 mji wetu ulipokea michezo ya SHIMIWI, ile ya watumishi wa wizara na idara za Serikali. Uwanja wa Jamhuri ulichangamka. Nilifurahia sana kuvuta kamba, maana hakuna mchezo mwingine ambapo makatibu muhtasi na wakurugenzi hukanyaga tope moja wakipiga kelele moja. Michezo ile ni mizuri, na wanaoiandaa wanastahili pongezi. Lakini nina neno kwa viongozi wa taasisi, nalisema kwa upendo. Katika ofisi nyingi mpango wote wa mazoezi huishia kwa wale wanaoweza kuleta kombe. Jezi zinanunuliwa kwa ajili ya timu, posho ni ya timu, na wafanyakazi wengine wote, pamoja na yule mwenye presha na yule aliyetoka kujifungua, hubaki kushangilia wakiwa wamekaa. Mpango wa afya unaowahudumia wenye afya umekosea anwani. Mwenye kiti cha magurudumu, mwenye goti bovu, anayekaribia kustaafu, hao ndio waulizwe kwanza: wewe ungependa tufanye nini?

Na tusiwasahau mlinzi na mhudumu wa usafi. Mlinzi amesimama getini usiku kucha. Dada wa usafi ameinama na ndoo tangu alfajiri. Ukimwambia huyo aje akimbie nawe Jumamosi, unamwongezea mzigo. Yeye anachohitaji ni kiti, kikombe cha chai, na saa moja ya kulala. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, pale jangwani chini ya mti, Bwana hakumwanzia na mahubiri wala hakumwanzia na safari. Alimwacha alale. Akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Akamwacha alale tena. Safari ya siku 40 ilikuja baadaye. Upendo humtazama mtu kwanza, ukajua kama anahitaji kuinuliwa kitini au kukalishwa.

Lipo jambo jingine linalowaumiza wengi, nalo ni mizani. Nimesikia habari za ofisi ambako wafanyakazi hupangwa foleni, mmoja mmoja anapanda juu ya mizani, na kilo zake zinasomwa kwa sauti. Mwenye kuziandika pengine hana nia mbaya. Lakini yupo mtu aliyerudi nyumbani siku hiyo hakula, na yupo aliyekula zaidi kwa uchungu, na yupo ambaye hakurudi tena mazoezini. Kwetu sisi jambo hili lina ugumu wake. Mtu akinenepa tunamwambia amenawiri, maisha yamemkubali. Akipungua tunanong'ona kwamba anaumwa. Kisha mtu huyohuyo, aliyesifiwa kitambi jana, leo anachekwa kwacho. Atashika lipi?

Hata Maandiko tumeyafanya fimbo. Lile andiko la mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu tunalirusha kwa mtu mnene kana kwamba Paulo aliandika habari za chapati. Alikuwa akiwaonya Wakorintho juu ya uzinzi. Na kiini cha maneno yake ni kwamba wewe umenunuliwa kwa thamani, si mali yako mwenyewe. Anayesikia hivyo vizuri huinua kichwa. Mwili wako ulio nao leo, wenye alama za kujifungua, wenye mgongo unaokaza, wenye magoti yanayolia ukipanda ngazi, ndio Bwana alioulipia.

Kwa hiyo, mpendwa, kabla hujaanza kutembea, usamehe mwili wako. Wako watu wanaofanya mazoezi kwa kuuchukia mwili, wakiuadhibu kwa miaka waliyoupuuza. Hao huanza kwa kishindo Jumatatu na kuacha Alhamisi. Mwili huo unaoulaumu ndio uliokubeba kwenye misiba, ndio uliolea watoto, ndio uliokesha na mgonjwa. Je, huwezi kuushika mkono na kuutembeza polepole hadi kona ya barabara, leo, na kesho tena?

Milima yetu ya Uluguru yenyewe ina historia ya kutufundisha hapo. Katika miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ya mlimani ili udongo usimomonyoke. Kusudi la kulinda udongo lilikuwa na maana yake. Mvua ya Uluguru ni kubwa na mashamba yameinama sana. Lakini matuta yalikuja kwa amri na faini, bila kuwasikiliza wenye shamba. Mwaka 1955 watu walichoka, kukazuka ghasia huko Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Nusu karne baadaye, katika kata ya Kibungo Juu, wakulima wa milima hiyohiyo walichimba matuta kwa hiari chini ya mradi wa mashirika ya CARE na WWF. Safari hii walielezwa, walishirikishwa, na walilipwa kwa kuyatunza maji ya Mto Ruvu ambayo watu wa Dar es Salaam huyanywa. Jembe lilikuwa lilelile na mteremko uleule.

Wakuu wa kazi wanaochukua mahudhurio ya mazoezi na kumwandikia barua asiyekuja, nawaomba waikumbuke Matombo. Mtu akilazimishwa atakuja kusaini, lakini moyo wake utakuwa umebaki nyumbani. Na sisi tunaojiamuru wenyewe kwa ukali, tukijiwekea viapo vya kila Januari, tujiulize kama kwa miguu yetu sisi ni wakoloni au ni ndugu.

Kwangu mimi penye uzito zaidi ni kutembea na mtu mliyekosana, nami nataka nikae hapo kidogo.

Kazini watu hukosana. Hilo halikwepeki, mkikaa chumba kimoja saa nane kwa siku, mtakoseana. Mmoja alipandishwa cheo, mwingine akasahauliwa. Mmoja alipeleka maneno kwa bosi. Mmoja alikopa fedha za kikoba hakurudisha. Baada ya hapo watu wanaweza kukaa mwaka mzima meza kwa meza wakisalimiana kwa shingo, kazi zinapelekwa kwa dokezo la maandishi, na ofisi nzima inajua. Nimeketi na watu wa namna hiyo ofisini kwangu kanisani, mmoja kulia mmoja kushoto, nimewasomea Neno, tumeomba, na wametoka wakiwa vilevile. Kukaa uso kwa uso na mtu aliyekuumiza ni kazi nzito. Macho hayana pa kwenda.

Lakini nimeona pia watu hao wakitembea. Njia inapopanda, nyote wawili mnaangalia mbele. Hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni. Pumzi ni fupi, kwa hiyo maneno hayawezi kuwa mengi, na hotuba ya lawama aliyoiandaa mtu kwa miezi sita haipandi mlima. Anayetaka kusema kitu itambidi akiseme kifupi. Nawajua akina mama wawili, wafanyakazi wa taasisi moja hapa mjini, waliopatana hivyo. Hawakuanza na kuombana radhi. Mmoja alikuwa na maji, mwenzake yamemwishia. Alimpa chupa, wa pili akanywa, akasema ahsante. Jumamosi iliyofuata walitembea karibu karibu. Maneno yenyewe, yale ya kuumiza na ya kusameheana, yalikuja baadaye sana, na yalipokuja hayakuhitaji mchungaji.

Hata katika Injili, wale wanafunzi wawili wa barabara ya Emau walikuwa wamevunjika mioyo. Bwana mfufuka angeweza kuwatokea kwa utukufu na kuwasimamisha palepale. Luka anatuambia alikaribia, akaenda pamoja nao. Aliuliza wanazungumza nini, akawasikiliza wamalize, akaanza kuwafafanulia huku wakitembea. Mwendo ulikuwa wao, na yeye aliufuata. Mambo makubwa ya kanisa yalizungumzwa siku ile na watu waliokuwa wakitembea, kabla hata hawajamtambua aliyekuwa nao.

Je, yupo mtu ambaye huwezi kukaa naye mezani, lakini labda unaweza kutembea naye?

Najua pia kwamba utaacha. Nasema hivi bila kukukatisha tamaa. Masika huja, Machi hadi Mei, na mvua ya Morogoro haijui ratiba ya afisa utumishi. Mtoto huugua. Mwisho wa mwaka wa fedha unafika, Juni, na watu wa uhasibu wanalala ofisini. Ghafla unagundua wiki tatu zimepita na raba zako ziko chini ya kitanda. Hapo ndipo wengi hujihukumu na kukata shauri kwamba wao si watu wa mazoezi, kama vile wengi wanavyojihukumu kwamba wao si watu wa maombi. Lakini Mungu tunayemtumikia anazo rehema mpya kila asubuhi, na hakuna popote aliposema kwamba aliyekosa asubuhi ya jana asionekane leo. Chukua raba, kung'uta vumbi, toka. Kama mvua inanyesha, panda ngazi za ofisi badala ya kukaa ukingoja ikatike. Kama umebanwa na kazi, simama kila unapopokea simu, mpelekee mwenzako jalada mkononi, shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya chako. Dakika hizo ndogo zinahesabiwa, na aliye mwaminifu katika madogo Bwana anamjua.

Usiniseme kwamba nimefanya mazoezi kuwa wokovu. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida yake, ila utauwa una faida kubwa zaidi, katika maisha haya na yale yajayo. Nami nakubali kwa moyo wote. Wapo watakatifu waliolala kitandani miaka mingi ambao imani yao imetubeba sisi wenye miguu. Afya ni zawadi, na wengine hawakupewa, na Mungu anawapenda vilevile. Ninachokuomba ni hiki tu: kama miguu unayo, iwe njia ya kumpenda mtu.

Jumamosi ya pili ya mwezi haiko mbali. Kabla haijafika, pita kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe presha na sukari, na kama una ugonjwa wowote mwulize daktari uanze kwa kiasi gani. Kama ofisini kwenu kikundi kipo, jiunge nacho, uchague kukaa na wa mwisho. Kama hakipo, usisubiri waraka. Mfuate yule mfanyakazi mwenzako ambaye hamjasemezana sawasawa siku nyingi, umwombe mtembee pamoja nusu saa baada ya kazi, naye ndiye achague mwendo.